"Play" kwa Kituruki: wapi ni oynamak, wapi ni çalmak

Fungua kamusi ya Kiingereza na Kituruki kwenye neno "play" na utakutana na msururu: oynamak, çalmak, oyun, piyes, rol yapmak, boşluk, na bado ukurasa haujaisha. Mwingereza akiona hivyo anakata tamaa, maana kwake mpira, gitaa, karata na nafasi kwenye filamu vyote vinachukua kitenzi kimoja. Mswahili hana sababu ya kushtuka. Mpira tunaucheza, lakini gitaa tunalipiga, na hakuna mtoto wa kwetu aliyewahi kufundishwa tofauti hiyo darasani. Waturuki nao wamekata karibu palepale tulipokata sisi. Kwa hiyo anayejifunza Kituruki akitumia vitabu vya Kiingereza, kama wafanyavyo wengi wanaojiandaa kwenda kusoma Ankara au Istanbul, anajitafutia shida: anatoka kwenye lugha inayotofautisha, anapita kwenye lugha isiyotofautisha, kisha anaanza kuhangaika kutofautisha upya.

Mambo mawili ya herufi na sarufi kwanza. "Ç" husomwa ch na "ş" husomwa sh. Kiishio "-mak" (au "-mek") kinafanya kazi ya "ku-" yetu, ila Kituruki hubandika vitu mwishoni. Basi "oynamak" ni kucheza, "oyna" ni cheza, na "oynuyor" ni anacheza.

Oynamak ndiyo cheza. Futbol oynamak, kucheza mpira. Satranç oynamak, kucheza sataranji. Tavla oynamak, kucheza ule mchezo wa dadu na kete ambao wazee huushindia kwenye vijiwe vya kahawa. Saklambaç oynamak, kucheza kombolela. Kumar oynamak, kucheza kamari. Mbwana Samatta alipokuwa Fenerbahçe msimu wa 2020/21, habari ilikuwa "Fenerbahçe'de oynuyor", anachezea Fenerbahçe. Mpaka hapa Kiingereza, Kituruki na Kiswahili vinakwenda pamoja bila kugombana.

Vinaachana harusini. Ukialikwa kwenye harusi ya Kituruki, ukakaa pembeni na sahani yako, atakuja shangazi wa bwana harusi akuvute mkono: "Hadi, oyna!" Hakuletei mpira wala karata. Anakwambia ucheze ngoma. Ngoma za asili za Uturuki huitwa "halk oyunları", yaani michezo ya watu, na kitenzi cha kuzicheza, kwa jumla, ni hichohicho oynamak. Zeybek ya upande wa Aegean, ile ambayo mwanamume hunyoosha mikono kama mwewe, akazunguka taratibu na kushusha goti mpaka chini, "huchezwa". Kule Bursa kuna kılıç kalkan, ngoma ya panga na ngao, ambayo haina muziki kabisa. Mdundo wake ni chuma kugonga chuma. Nayo ni "oyun". Mwingereza hawezi kusema hivyo. Kwake kucheza ngoma kuna neno lake, na akisikia kwamba mtu mmoja "anacheza" chesi na mwingine "anacheza" zeybek anadhani kuna kosa la tafsiri. Sisi tunacheza bao, tunacheza mdundiko, na mwali tunamcheza, hatuoni ajabu.

Baadhi ya ngoma zina vitenzi vyake. Halay, ile ya kushikana mikono kwa mstari, "huvutwa" (halay çekmek). Horon ya Bahari Nyeusi, yenye kutetemeka na kukanyaga kwa kasi, "hupigwa mateke" (horon tepmek). Na dansi ya Kizungu, tango au waltz, ni "dans etmek", kufanya dansi. Hapa Kiswahili kimekuwa na roho pana zaidi: tulipokopa neno dansi tuliliingiza chini ya kitenzi chetu cha zamani, tukasema kucheza dansi, mambo yakaisha.

Waturuki wana methali juu ya kucheza ngoma. Bibi harusi asiyejua kucheza alisema, "Yerim dar", nafasi yangu ni finyu. Wakampanulia nafasi. Akasema, "Yenim dar", mkono wa gauni langu unabana. Herufi moja tu imebadilika na kisingizio kipya kimezaliwa. Kila ofisi ina bibi harusi huyo.

Oynamak lenyewe limetoka kwenye "oyun", mchezo, na kutoka oyun linatoka pia "oyuncu", mchezaji, na "oyuncak", mwanasesere au kitu chochote cha kuchezea. Lakini oyuncu ni pia mwigizaji. Wanaofuatilia tamthilia za Kituruki wakisoma majina yanayopita mwanzoni watakuta neno "oyuncular": si wachezaji wa timu, ni waigizaji. Anayeigiza kwenye filamu "filmde oynuyor". Hata filamu yenyewe hucheza: "Sinemada ne oynuyor?" ni kuuliza sinema inaonyesha nini. Mchezo wa jukwaani ni oyun, au piyes kwa neno walilochukua Ufaransa. Karagöz, vikaragosi vya ngozi vinavyoonyeshwa nyuma ya shuka yenye taa, ni "gölge oyunu", mchezo wa kivuli; UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wake mwaka 2009. Katika kona hii Kituruki kimekaa na Kiingereza, na sisi tumejitenga kidogo: tunasema mchezo wa kuigiza, lakini mtu wake ni mwigizaji, na ukimwita mchezaji watu watauliza ni wa timu gani.

Oyun ni hila pia. "Bana oyun oynadı", amenichezea mchezo. Na "oyuna gelmek", kwa neno moja baada ya jingine kuja kwenye mchezo, ndiko kuingia mkenge.

Halafu kuna kucheza kwa maana ya kutotulia. Jino likilegea Mturuki husema "dişim oynuyor", nasi husema jino linacheza. Bei zikipanda na kushuka zinacheza. Jiwe likitikisika mahali pake limecheza. Kiingereza nacho kina kitu cha aina hii, maana neno lake la kale lilibeba wazo la mwendo mwepesi wa haraka. Ndiyo sababu mwanga "hucheza" juu ya maji, na fundi husema usukani una "play" ukiwa umelegea. Kwa Kituruki ulegevu huo wa usukani ni "boşluk", uwazi. Fundi wa gereji ya Dar atakwambia usukani unacheza, na huyo ndiye yuko karibu zaidi na daktari wa meno wa Kituruki.

Ongeza "-t-" upate "oynatmak", ambayo ni kuchezesha yetu, kiambishi kwa kiambishi. Kuonyesha Karagöz ni kumchezesha Karagöz. Mtu anayemfanya mwenzake atakavyo "anamchezesha kidoleni". Kitufe cha kuanzisha video kimeandikwa "Oynat", chezesha. Na mtu "aliyeichezesha akili yake", aklını oynatmış, amerukwa na akili. Tofauti ndogo: refa wa kwetu huchezesha mechi, refa wa Kituruki "huiongoza".

Sasa çalmak, ambayo ndiyo yenye vituko. Kama oynamak ni cheza, çalmak ni piga. Gitar çalmak, piyano çalmak, davul çalmak: kupiga gitaa, kupiga piano, kupiga ngoma. Islık çalmak ni kupiga mluzi. Kapıyı çalmak ni kubisha mlango. Kengele ikilia, "zil çalıyor". Simu ikiita, "telefon çalıyor". Maana ya kale ni kupiga au kubwaga, na haijafa: mpiga mieleka humbwaga mwenzake chini, "yere çalmak", na upanga nao "hupigwa", kılıç çalmak.

Lakini çalmak ni kuiba vilevile. "Cüzdanımı çaldılar" ni wameniibia pochi. Kwa hiyo "komşunun gitarını çaldı" inaweza kuwa amepiga gitaa la jirani au ameiba gitaa la jirani, na Waturuki wenyewe huufanyia utani utata huo. Muktadha ndio unaoamua. Ala ya muziki ni "çalgı", na mali ya wizi ni "çalıntı". Gari la wizi ni çalıntı araba. Shina moja.

Mwalimu wa Kiingereza atahangaika kueleza inakuwaje kupiga muziki na kuiba vikae kwenye kitenzi kimoja. Mtanzania anayefuata habari za siasa haelezwi. "Nimepigwa", asema aliyetapeliwa. "Wamepiga hela", na wanaofanya hivyo ni wapigaji, na kazi yao ni upigaji. Sisi pia tulianza na mkono unaoshuka juu ya ngoma tukaishia kwenye hela za mradi.

Ila kuna mtego kwa Mswahili hasa, na vitabu vya Kiingereza haviwezi kumwonya. Usitafsiri "kupiga simu" kuwa "telefon çalmak". Simu yenyewe ikiita, sawa, telefon çalıyor. Lakini wewe binadamu ukisema "telefon çaldım", umekiri wizi wa simu. Kumpigia mtu ni "telefon etmek" au "aramak", kumtafuta.

Nasreddin Hoca, mtu wa visa kama Abunuwasi wa kwetu, ana visa viwili vinavyosimama juu ya kitenzi hiki. Katika kimoja anakwenda sokoni na watoto wanamzunguka, kila mmoja anataka aletewe filimbi. Mmoja tu ndiye anatoa hela. Jioni Hoca anarudi na filimbi moja, anampa yule, na wengine wakilalamika anawajibu: "Parayı veren düdüğü çalar", atoaye hela ndiye apigaye filimbi. Imekuwa methali. Katika cha pili yuko kando ya ziwa la Akşehir akimimina mtindi majini. Kutia chachu ya mtindi kwenye maziwa ni "maya çalmak", matumizi mengine ya çalmak ambayo mgeni hawezi kuyakisia. Watu wanamuuliza kama ziwa litaganda liwe mtindi. Anasema: "Ya tutarsa?" Je, likiganda?

Si kila ala huchukua çalmak. Ney, ile filimbi ndefu ya mwanzi inayosikika katika sema, ibada ya kuzunguka ya masufi Wamevlevi wa Konya, kwa wapigaji wake "haipigwi". Hupulizwa, "ney üflemek". Ukimwambia mpuliza ney kwamba "unaçala" vizuri atakusahihisha kwa upole. Sisi tunasema kupiga zumari na kupuliza zumari, na sidhani mpiga zumari yeyote amewahi kugombana na mtu kwa hilo.

Kama kuna sentensi inayoonyesha vizuri kwamba njia fupi haipiti London, ni nahau hii ya Kituruki: "kendi çalıp kendi oynuyor". Kiswahili chake ni neno kwa neno: anapiga mwenyewe, anacheza mwenyewe. Husemwa juu ya mtu anayeamua, anayetekeleza na anayejipongeza peke yake bila kumshirikisha yeyote. Jaribu kuipeleka kwenye Kiingereza kwa kitenzi kimoja cha "play" uone itakavyoanguka.

Kuna suala la redio. Kituruki husema wimbo "unapigwa" redioni, "radyoda bu şarkı çalıyor". Kwetu zamani santuri ilipigwa na wimbo ukapigwa. Siku hizi watangazaji wengi "wanacheza" nyimbo, na hapo Kiingereza kimeingia kwa mlango wa nyuma. Naona kupiga bado ni bora, ingawa vita hivyo vimeshapotea.

Yanayobaki hayaingii kwenye oynamak wala çalmak, na hapa hakuna kanuni ila kukariri. Kujifanya ni "rol yapmak" au, mtaani, "numara yapmak". Kujifanya umekufa ni kufanya mwigo wa maiti, "ölü taklidi yapmak". Kujifanya hukusikia ni "duymazlıktan gelmek". Kutoroka shule, ambako Kiingereza pia hutumia "play", Mturuki "huitundika" shule (okulu asmak) au "huivunja" (okulu kırmak). Utani "hufanywa", şaka yapmak. Kupiga muziki kwa kusikia tu bila kusoma noti ni "kulaktan çalmak", kupiga kutoka sikioni. Lakini Mwingereza akitumia msemo wake wa sikio, "play it by ear", kwa maana ya kuamua mambo kadiri yanavyokuja, usiguse sikio wala çalmak, sema "duruma göre hareket etmek", kwenda kulingana na hali. Na moto, ahueni, unachezewa katika lugha zote tatu: "ateşle oynamak".