Si kila jani nene lenye miiba ni alovera

Alovera ni mmea mmoja tu. Wataalamu wanauita Aloe vera, na sisi tuna jina letu la siku nyingi: mshubiri. Asili yake ni Bara Arabu, majani yake yamejaa ute, na hupenda jua kuliko maji. Basi. Tatizo ni kwamba siku hizi kila chenye majani manene na miiba pembeni kinauzwa kando ya barabara kwa jina hilo, hadi mkonge.

Mkonge na mshubiri hata hawana undugu wa karibu. Mkonge ni wa Mexico. Ulifika Tanganyika mwaka 1893, ulipoagizwa na Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, kutoka Florida. Ukiwa mchanga unafanana na mshubiri, lakini kisu kinamaliza ubishi. Jani la mshubiri hukatika kama tango, na ndani mna ute usio na rangi unaoteleza vidoleni. Jani la mkonge hukatika kwa shida na kuacha nyuzi zinaning'inia. Utomvu wake huwasha ngozi, kwa hiyo anayejipaka usoni akidhani ni alovera atajikuna. Tena mkonge hutoa mlingoti wa maua mara moja tu maishani, kisha hufa. Mshubiri huchanua miaka na miaka.

Kwa shubiri za porini kuna ugumu zaidi, maana hizo kweli ni ndugu. Kundi zima la Aloe lina spishi zaidi ya 500, nyingi za Afrika, na vera ni mojawapo tu. Angalia maua: ya mshubiri wa dukani ni ya njano. Ukiona mekundu au ya waridi yaliyoelekea upande mmoja wa tawi, huenda hiyo ni Aloe secundiflora, ya kwetu kabisa Kenya na Tanzania. Madoadoa yasikudanganye, kwa sababu hata mshubiri mchanga huwa nayo na mara nyingi hufifia ukikua.

Nasisitiza hili kwa sababu watu wanakunywa. Aloe ballyi, inayoota pande za Taita, ina sumu; huwezi kuichuma na kuisaga kwa sababu tu mtu ameiita alovera. Hata mshubiri wenyewe una vitu viwili ndani ya jani moja. Likate, lisimamishe juu ya kikombe: kwanza yatachuruzika majimaji ya njano kutoka chini ya ganda. Hayo ndiyo shubiri yenyewe, chungu kupindukia, na huharisha. Ute ni ule wa katikati, unaobaki ukishamenya. Wengi husaga vyote pamoja, kisha wanashangaa tumbo.

Kuutunza hakuna kazi. Udongo wenye mchanga, chungu chenye tundu chini, na maji pale tu udongo unapokauka. Mingi huoza mizizi kwa kumwagiliwa kila siku. Machipukizi yakijaa, yang'oe uyapande pengine.

Hakuna ubaya kupanda mkonge wa pambo au shubiri ya porini. Bustani inapendeza nayo yote. Ila muuzaji akikwambia ni alovera, mwombe kwa upole akate ncha ya jani moja muangalie pamoja, na muulize mmea huo huchanua maua ya rangi gani.