Chakula cha kopo: tunaogopa visivyo, vya kuogopwa tunavichukulia poa

Dhana inayosikika kuliko zote ni kwamba chakula cha kopo kimejaa madawa, la sivyo kingekaaje miaka bila kuoza. Kwa makopo mengi siyo kweli jamani. Kinachokiweka ni moto na kufungwa vizuri, basi. Chakula kinatiwa kwenye kopo, linafungwa hewa isipite, halafu linapikwa likiwa limefungwa hivyohivyo ndani ya mtambo unaofanya kazi kama sufuria kubwa la presha, na kwa vyakula visivyo na uchachu kama maharage, nyama na samaki joto hufika nyuzi 121 hivi, maana kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum, spora zake, yaani vimbegu vyake vyenye ganda gumu, zinavumilia hata maji yanayochemka. Hizo zikishakufa na hewa haiingii, nani tena wa kuozesha? Nicolas Appert wa Ufaransa aliichapisha njia hii mwaka 1810, yeye akitumia chupa za kioo, na wala hakujua kwa nini inafanya kazi, habari za vijidudu kuozesha chakula alikuja kuzieleza mwanasayansi Louis Pasteur miaka mingi baadaye.

Badala ya kubishana geuza kopo usome. Mengi ya maharage utakuta maharage, maji, chumvi, mwisho. Hiyo chumvi ndo ya kuangalia, hasa kwa mwenye presha. Mwaga ule mchuzi uyasuuze maharage, chumvi inapungua vizuri tu.

Eti hakina virutubisho? Vitamini C na B1 zinapungua kwa moto kweli, ila protini, madini na nyuzinyuzi zipo, na samaki wa kopo mwenye mifupa iliyolainika ukimla na mifupa yake unapata kalsiamu ya kutosha.

Halafu kuna hili la kwamba ukifungua kopo ukaacha chakula humo kinageuka sumu palepale. Hapana. Makopo mengi ya chakula ni chuma kilichopakwa bati jembamba, weka sumaku utaona inanasa, na ndani mara nyingi kuna rangi ya kuzuia chakula kisigusane na chuma. Hewa ikishaingia, vitu vyenye asidi kama nyanya na nanasi vinaanza kula lile bati na ladha inakuwa ya chuma chuma, ndo maana ni vizuri kuhamishia kwenye chombo chenye mfuniko, weka friji, kula ndani ya siku tatu nne. Kinachoumiza watu zaidi ni kuliacha wazi mezani usiku kucha. Kuhusu ile rangi ya ndani, wanaouliza habari za BPA, kemikali iliyozoeleka kutumika kuitengeneza, hawaulizi upuuzi, Umoja wa Ulaya uliamua Desemba 2024 kuipiga marufuku kwenye vifungashio vya chakula.

Sasa hapa naomba tuelewane, maana ndipo watu wanapojiumiza. Kopo likibonyea kidogo ubavuni, halivuji, halina ncha kali, chakula kiko salama, watu wanatupa bure. Lililobonyea kwenye maungio ya juu au chini, au lenye kutu iliyokula hadi ndani, hilo achana nalo kwa sababu tundu dogo usiloliona linatosha kupitisha vijidudu. Na lililovimba, yaani ukibonyeza kitako kinarudi, au ukilifungua linarusha maji kwa nguvu, usile hata kama tarehe bado mbali sana! Unakuta mtu anasema ngoja nionje kidogo kama limeharibika. Usionje. Sumu ya yule bakteria haina harufu wala ladha, na kiasi kidogo mno kinaweza kupoozesha misuli mpaka ile ya kupumua. Siyo kila kopo lililovimba lina sumu hiyo, lakini kwa macho huwezi kutofautisha. Usilifungue, lifunge kwenye mfuko ulitupe mahali watoto na wanyama hawafiki.

Kupasha kopo moja kwa moja motoni bila kulifungua nako watu wanaona ni kawaida kwa kuwa kiwandani lilipikwa limefungwa. Kule presha ya nje ya kopo inadhibitiwa isizidiwe na ya ndani, kwenye jiko lako hakuna kitu kama hicho, mvuke ukijaa linapasuka na mchuzi wa moto unakurukia usoni. Mimina kwenye sufuria ndo upashe.