Nairobi hadi New York: kwa nini hesabu ya kugawanya haitoshi

Watu wengi hutafuta umbali mtandaoni, wakaugawanya kwa mwendo wa ndege, kisha wakashangaa jibu halilingani na tiketi. Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,800. Boeing 787 huenda kilomita 900 hivi kwa saa. Gawanya, unapata saa 13. Lakini Kenya Airways ilipoanza safari hii ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, ratiba ilikuwa saa 15 kwenda na 14 kurudi. Kazi yangu ni kupanga njia za ndege, na tofauti hiyo ndiyo inayoniumiza kichwa kila zamu.

Tuanze na hizo kilomita. Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani, mstari utapita Nigeria na Mali. Huo si mfupi: duniani kwenyewe unazidi njia fupi kwa kilomita zaidi ya 300. Vuta uzi juu ya tufe la darasani uone unavyopanda kaskazini: Sudan Kusini, pembe ya Darfur, Chad, Niger, Algeria, Moroko, ndipo Atlantiki. Na anga ina wenyewe. Sudan ilifunga yake Aprili 2023, Niger ikafuata Agosti, na ndege zikalazimika kuzunguka.

Kubwa zaidi ni upepo. Kule juu, kaskazini mwa Sahara na juu ya Atlantiki, upepo huvuma kutoka magharibi, na majira ya baridi hupita kilomita 200 kwa saa kwa urahisi. Kwenda ni mbisho, kurudi unakusukuma. Ukikupinga kwa wastani wa kilomita 60 tu njia nzima, saa 13 zinakuwa 14. Ongeza kupanda, kushuka na foleni za ardhini, maana ratiba huhesabu mlango hadi mlango. Ndiyo maana mara nyingine nachagua njia ndefu kwa kilomita, fupi kwa saa.

Tena Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini na mabawa hupungukiwa nguvu, kwa hiyo uzito wa kuruka una kikomo. Usiku wa baridi husaidia. Upepo ukiwa mkali tunahitaji mafuta zaidi, na hapo shehena ndiyo hubaki nyuma. Sioni aibu kuiacha. Mafuta ya akiba hayajadiliwi.

Kwa anayempokea ndugu: ndege ikiondoka Nairobi saa 5 usiku na kuchukua saa 15, nyumbani ni saa 8 mchana. New York ni saa 1 asubuhi wakati wa kiangazi, au saa 12 asubuhi majira ya baridi, kwa sababu Marekani hubadilisha saa zao na sisi hatubadilishi.