Kwa nini kiongozi mzuri wa kikosi hufyatua risasi chache?

Mechi ya gemu la vita la mtandaoni ikiisha, orodha ya alama hutokea kwenye skrini, na mara nyingi kiongozi wa kikosi kilichoteka eneo lililoamua ushindi yuko chini kabisa kwa idadi ya maadui aliowaua. Asiyelijua gemu atadhani alibebwa na wenzake. Ukweli ni kwamba wao ndio waliobebwa.

Kazi yake kubwa ni kuamua wenzake watarudi wapi wakifa. Katika magemu haya, anayeuawa hurejea uwanjani baada ya muda mfupi, na mahali anapotokea ndipo vita vinapoamuliwa. Battlefield 2, iliyotoka mwaka 2005, ilimfanya kiongozi mwenyewe kuwa mlango huo. Kikosi kilikuwa na watu wasiozidi 6, na maadamu kiongozi alikuwa hai, waliokufa waliweza kutokea pale alipo. Akiuawa, iliwabidi waanzie kwenye bendera inayoshikiliwa na timu yao, pengine mbali sana na mapambano. Kiongozi aliyelala kichakani nyuma ya mistari ya adui, kimya, aliweza kuwarudisha watu 5 vitani tena na tena. Akimfyatulia risasi adui anayejipitia zake, anajifichua, na mlango unafungwa kwa wote.

Magemu ya baadaye yaliiondoa kazi hiyo mwilini mwa kiongozi, lakini hayakumpunguzia mzigo. Katika Squad, ambako kikosi hufikia watu 9, na katika Hell Let Loose, ambako kikosi cha askari wa miguu ni watu 6, kiongozi huweka ardhini kituo cha kurudia. Adui akikikaribia, kinapotea. Kwa hiyo anayejua kazi yake hakiweki mlangoni mwa jengo linaloshambuliwa, hata kama wenzake wanalalamikia umbali. Hukificha nyuma ya kilima au ndani ya msitu, kisha akishasogea mbele hutafuta pa kuweka kingine kabla hicho hakijagunduliwa. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha kwanza cha kiongozi, kabla hata ya ulengaji wake.

Mpangilio wa kutembea nao una hesabu yake. Safu ya mmoja nyuma ya mwingine inafaa njia nyembamba na ni rahisi kuiongoza, ila wakikutana na adui uso kwa uso, wa mbele peke yake ndiye anayeweza kufyatua. Wakijipanga bega kwa bega bunduki zote zinaelekea mbele, lakini rashasha moja ikiwapata kutoka ubavuni inawafagia wote. Umbo la kabari, mmoja mbele na wengine wakitawanyika nyuma yake kulia na kushoto, hulinda pande nyingi kwa wakati mmoja. Kwa vyovyote vile waachiane nafasi, maana wakisongamana guruneti moja linawamaliza.

Halafu kuna kusema. "Adui yule pale!" haimsaidii mtu, kwa sababu kila mmoja anatazama upande wake. Skrini ina dira, basi kiongozi husema: "Digrii 210, mita 80, dirisha la juu." Papo hapo bunduki zote zinageukia sehemu moja. Kisha anawagawa: nusu wafyatue mfululizo ili adui asiinue kichwa, nusu wazunguke ubavuni. Wa kwanza wakinyamaza kabla wenzao hawajafika, wanaozunguka wanauawa wakiwa katikati ya uwanja mtupu, na hapo ndipo mashambulizi mengi huvunjika.

Wakati huohuo masikio yake yako pande mbili. Anawasikia wenzake wakimwita mganga, na kwenye mawasiliano ya viongozi anasikia kuwa kifaru cha adui kimevuka daraja. Ramani nayo iko wazi mbele yake, imefunika sehemu kubwa ya skrini, hata shabaha haioni.