Deni la Taifa: Sarafu, Muda na Waliopo Mezani

Kila bajeti inaposomwa Dodoma, mazungumzo ya barazani Ngamiani na Makorora, hapa Tanga, huishia kwenye tarakimu moja: deni limefika trilioni ngapi? Tarakimu hiyo peke yake haitoshi. Nchi mbili zinaweza kudaiwa kiasi kilekile, moja ikalipa bila kutetereka na nyingine ikakwama. Yanayozitenganisha ni sarafu ya deni, tarehe ya kuiva kwake (siku ya kulipwa), na nani anayedai.

Sarafu kwanza, kwa kuwa hapa ndipo wengi hupotea. Mwaka 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya deni inayouzwa kwa wawekezaji kugharimia miradi rafiki kwa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Anayesikia mikopo ya dola ikitajwa kwa asilimia 6 au 7 ataona hii ni ghali mno. Lakini fedha za kulipia hatifungani hiyo zinatoka kwenye bili za maji, na bili zinalipwa kwa shilingi. Dola ipande isipande, deni la msingi ni lilelile.

Sasa tupige hesabu ya mkopo wa dola milioni 100, wa miaka 10, riba asilimia 7, deni la msingi likilipwa kwa mafungu sawa. Mwaka wa kwanza zinalipwa milioni 10 za msingi na milioni 7 za riba, jumla milioni 17. Dola ikiuzwa shilingi 2,300, kama ilivyokuwa mwaka 2022, hizo ni shilingi bilioni 39.1. Ikiuzwa 2,600, kiwango kilichofikiwa mwaka 2024, zinakuwa bilioni 44.2. Bilioni 5.1 zimeongezeka na hakuna aliyekopa hata senti. Ndiyo sababu deni likihesabiwa kwa shilingi huweza kuvimba katika mwaka ambao Serikali haikusaini mkataba hata mmoja mpya.

Deni la dola hulipwa kwa dola, na dola huletwa na mauzo ya nje. Mkoa wa Tanga uliliona hilo kupitia mkonge. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba yakaota magugu. Kisha yakafuatana kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera na mafuta kupanda bei mwaka 1979. Mwalimu Nyerere alivutana kwa miaka na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kuhusu kushusha thamani ya shilingi. Makubaliano yalikuja mwaka 1986 chini ya Rais Mwinyi, na ndani ya mwaka huo dola ilitoka karibu shilingi 17 ikapita 50. Nafuu kubwa ya madeni ilipatikana baadaye sana, mwaka 2001 na tena 2006.

Kuhusu muda, mfano uko jirani. Kenya iliuza hatifungani ya dola bilioni 2 mwaka 2014, nayo ikaiva kwa mkupuo Juni 2024. Miezi kadhaa kabla ya siku hiyo wawekezaji waliingiwa na hofu na shilingi ya Kenya ikaporomoka. Februari 2024 nchi ikalazimika kukopa dola bilioni 1.5 kwa gharama iliyozidi asilimia 10 ili ilipe sehemu kubwa ya deni la zamani mapema. Deni lilelile lingegawanywa kwa miaka mitano, mtikisiko ungekuwa mdogo.

Tuje kwa wanaodai. Zamani nchi ikishindwa kulipa ilikwenda Paris, ikakaa na kundi la serikali za Magharibi, wakaelewana. Leo China ni mkopeshaji mkubwa na si mwanachama wa kundi hilo, huku wenye hatifungani wakiwa na meza yao. Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 Novemba 2020. Ilielewana na serikali zinazoidai Juni 2023, na wenye hatifungani mwaka 2024. Kilichochelewesha ni shaka baina ya wakopeshaji: kila mmoja aliogopa kwamba akisamehe yeye, fedha hizo zitamlipa mwenzake.

Marafiki nao hubadilika. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki nchini. Mwishoni mwa mwaka huohuo Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa suala la Rhodesia (Zimbabwe ya sasa), na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Reli ya TAZARA ikajengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Sasa tazama Chongoleani, Tanga, mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda: benki kadhaa za Magharibi zilikataa kulikopesha kwa hoja za mazingira, na fungu la kwanza la mikopo, Machi 2025, likatoka kwa wakopeshaji wakiwemo Afreximbank, Standard Bank na KCB Uganda.

Bagamoyo nako kuna la kujifunza. Makubaliano ya awali ya bandari mpya yalisainiwa mwaka 2013 na kampuni ya China, Oman ikaingia baadaye. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliyakataa hadharani, akitaja dhamana ya miaka 33 na ukodishaji wa miaka 99. Pwani hii neno kukodisha si geni: Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha kampuni ya Kijerumani utawala na ushuru wa mwambao kwa miaka 50, na haikupita miaka mitatu mwambao ukauzwa moja kwa moja kwa Ujerumani kwa marki milioni 4.

Watu hupenda kutaja Hambantota ya Sri Lanka kama bandari iliyonyang'anywa kwa deni. Sivyo hasa. Mwaka 2017 ilikodishwa miaka 99 kwa dola bilioni 1.12, fedha zikaingia kwenye akiba ya fedha za kigeni, na mikopo iliyoijenga ikabaki palepale. Nchi ilipoacha kulipa Aprili 2022, kundi kubwa zaidi la wadai wake wa nje lilikuwa la wenye hatifungani.

Kwa hiyo ukisikia mkataba, ulizia riba: imefungwa au inapanda na soko? Kipindi cha neema, kabla ya kuanza kulipa deni la msingi, ni miaka mingapi? Je, Serikali imedhamini deni la shirika? Mgogoro utaamuliwa kwa sheria ya nchi gani? Je, kushindwa kulipa mkopo huu kunaruhusu wadai wengine kudai chao papo hapo?

Serikali ikisema deni ni himilivu, yaani linalipika, inapima thamani ya sasa ya deni (malipo yajayo yakihesabiwa kwa thamani ya leo) isizidi asilimia 55 ya Pato la Taifa, na la nje lisizidi asilimia 40. Viko vipimo viwili vinavyotajwa kidogo ingawa ndivyo huwahi kuuma: malipo ya deni la nje yasivuke asilimia 15 ya mauzo ya nje, wala asilimia 18 ya mapato ya ndani. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ikitoka, anzia hapo.