Je, wajua kwa nini kampuni ya simu iliwapeleka mameneja wake kusoma riwaya?

Mwaka 1953, kampuni ya simu ya Bell katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, iliwateua baadhi ya mameneja wake iliotarajia wangepanda hadi ngazi za juu. Ikawaondoa kazini kwa miezi kumi huku mishahara yao ikiendelea, ikawapeleka Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia. Huko hawakufundishwa simu, wala uhasibu, wala namna ya kuendesha biashara. Walisoma falsafa, ushairi, historia na sanaa, wakatembezwa kwenye makumbusho na kumbi za muziki. Mwisho wakawekewa mezani Ulysses ya James Joyce, riwaya ambayo hata wasomi wa fasihi huikaribia kwa tahadhari, wakapewa vipindi vinane vya saa tatu tatu kuijadili.

Siku hizo Bell ndiyo ilikuwa teknolojia yenyewe. Transista, kile kijidude ambacho bila yake kusingekuwa na simu wala kompyuta tunazotumia leo, ilizaliwa kwenye maabara ya Bell mwaka 1947. Hii ilikuwa kampuni ya wahandisi, iliyopima kila kitu kwa namba. Kwa nini basi itoe fedha nyingi hivyo ili meneja wa mitambo akasome mashairi?

Jibu linaanza na namna kampuni za teknolojia zinavyopata viongozi wake. Kijana anaingia akiwa mhandisi. Anaifahamu mitambo kuliko wenzake, anapewa kikosi cha watu sita, halafu idara, halafu mkoa mzima. Kila anapopanda anaiacha nyuma kazi ile iliyompandisha. Akifika juu hakuna anayemletea tena tatizo la mtambo, kwa sababu chini yake wapo watu mia wanaolimaliza kabla halijamfikia. Anacholetewa ni mgomo wa wafanyakazi, au serikali inayotaka bei ishuke, au mji ambao watu wake wanahama, au wasaidizi wawili hodari wasiosemeshana. Mambo hayo hayana kanuni ya hesabu, na miaka ishirini ya kuwa mhandisi bora haikumwandaa kwa lolote kati yake.

W. D. Gillen, aliyekuwa rais wa tawi la Bell la Pennsylvania na pia mmoja wa wadhamini wa chuo, aliliona pengo hilo. Watu wake walikuwa wamefunzwa vizuri kujibu swali lolote waliloulizwa. Hofu yake ilikuwa juu ya lile swali ambalo hakuna anayeliuliza, kwa sababu halimo kwenye ripoti ya mwezi. Kulitambua swali la namna hiyo kunahitaji mtu aliyewahi kutembea nje ya mipaka ya kazi yake, na kazi ya Bell ilikuwa imewabana mameneja hao tangu ujana.

Programu ilikuwa nzito kweli: saa 550 za darasani, bila kuhesabu usomaji wa usiku. Waliitwa wahadhiri wageni wapatao 160, miongoni mwao mshairi W. H. Auden na Lewis Mumford, mwandishi aliyetumia maisha yake kuchunguza miji na mashine zinavyombadilisha binadamu. Naona uteuzi wa Mumford ulikuwa wa kijasiri sana. Kampuni inayouza mashine ililipa fedha ili mkosoaji wa mashine aketi na viongozi wake wa kesho.

Matokeo yalipimwa. Morris Viteles, mwanasaikolojia wa chuo hichohicho, aliwachunguza washiriki ili aone wamebadilika vipi. Karibu wote walikuwa wakisoma zaidi kuliko zamani, na udadisi wao kuhusu dunia ulikuwa umeongezeka. Walikuwa wanajiamini, na wanaweza kusikiliza hoja wasiyoipenda bila kuikatiza. Hayo yote Bell ilikuwa imeyatarajia. Ambalo haikulitarajia ni kwamba uzito walioupa mambo ya fedha ulipungua, na uzito wa uzuri na sanaa ukapanda. Walirudi kazini wakiwa hawako tayari tena kuitanguliza faida ya kampuni mbele ya familia zao na jamii walizoishi. Kufikia mwaka 1960 programu ilikuwa imefungwa.

Mtu anaweza kusema ilishindwa. Mimi nasema ilifaulu kupita kiasi alichotaka mlipaji. Gillen alitaka watu wanaouliza maswali, na mtu akishazoea kuuliza maswali hawezi kuzuiwa asiliulize lile la kwanza kabisa: ninafanya kazi hii kwa ajili ya nani?

Bell haikuwa ya kwanza kuwarudisha mameneja darasani. Chuo cha MIT kilianza mwaka 1931 kuwapokea mameneja vijana waliotumwa na waajiri wao. Harvard ilianzisha kozi yake ya viongozi wa juu mwaka 1945, ikiwa imetokana na mafunzo ya wakati wa vita, na Stanford ikafuata mwaka 1952. Kozi hizo ndizo zilizodumu, na ndizo ambazo leo mkurugenzi wa kampuni ya programu za kompyuta au ya mtandao wa simu hulipiwa makumi ya maelfu ya dola ili ahudhurie kwa wiki chache.

Namna zinavyofundishwa inafaa kuelezwa, maana wengi hudhani mkurugenzi anakwenda kuhadhiriwa. Pale Harvard anapewa kisa cha kweli cha kampuni fulani, kurasa kadhaa zenye takwimu na majina, zinazokatikia pale pale ambapo kiongozi alitakiwa kuamua. Anakisoma usiku, kisha anakijadili na wenzake wachache wanaoishi naye jengo moja: mmoja anatoka benki, mwingine jeshini, mwingine kiwanda cha dawa. Asubuhi darasa zima linakutana katika ukumbi wenye viti vilivyopangwa nusu duara, na mwalimu anauliza: wewe ungefanya nini? Hatoi jibu. Kazi yake ni kuwabana watetee walichosema.

Kwa mtu wa teknolojia jambo hili linaumiza, na ndiyo maana linafaa. Maisha yake yote amezoea kwamba programu ya kompyuta inafanya kazi au haifanyi, daraja linasimama au linaanguka. Hapa anakuta watu themanini wenye akili wamesoma kurasa zilezile na wameamua mambo tofauti, kila mmoja kwa sababu za maana. Kuna faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye vipeperushi vya kozi hizi: huko anaweza kusema "sijui". Ofisini kwake hawezi kulisema neno hilo mbele ya wasaidizi bila minong'ono kuanza, na mbele ya bodi ndiyo kabisa. Mkurugenzi mtendaji hana rika ndani ya kampuni yake, kwa hiyo ni lazima atoke nje ili alipate.

Kama bado unaamini kwamba ubingwa wa kiufundi unatosha kumfanya mtu awe kiongozi, itazame Google. Mwaka 2002 waanzilishi wake, Larry Page na Sergey Brin, walijaribu kuwaondoa mameneja katika idara ya uhandisi. Jaribio lilidumu miezi michache tu, kwani watu walianza kumfuata Page mwenyewe na madai ya fedha walizotumia safarini na ugomvi wao wa ofisini. Miaka kadhaa baadaye watafiti wa ndani ya kampuni hiyo walichambua tathmini za wafanyakazi ili wajue meneja mzuri anatofautiana na wengine kwa lipi. Wakapata tabia nane. Ya kwanza ilikuwa kuwalea watu wake kikazi kama kocha. Ujuzi wa kiufundi ulikuwemo pia kwenye orodha, lakini wa mwisho. Na Eric Schmidt, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa Google wakati huo, mwenyewe alikuwa na mlezi: Bill Campbell, mtu aliyewahi kuwa kocha wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Columbia. Schmidt amesimulia hadharani kwamba alipopewa ushauri wa kutafuta kocha aliukataa kwanza, akiona hana shida yoyote.

Hata sanaa ya Bell ilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 2008 Apple ilimchukua Joel Podolny, aliyekuwa mkuu wa shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Yale, aanzishe chuo cha ndani cha kampuni hiyo. Miongoni mwa yaliyofundishwa humo ni michoro 11 ya fahali ya msanii Picasso, ambamo mnyama anapunguzwa hatua kwa hatua mpaka inabaki mistari michache na bado ni fahali. Tofauti na Bell ni kwamba hapa sanaa imeletwa ili itumikie bidhaa. Inafundisha kuondoa vitufe visivyohitajika. Haimwachi mtu peke yake na riwaya mpaka ajiulize mambo ambayo kampuni haikumtuma, nami naliona hilo kuwa hasara kubwa.

Thamani ya kuliona swali ambalo halikuulizwa inaonekana vizuri hapa kwetu, katika kisa ambacho Harvard nayo imekiingiza kwenye masomo yake. Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya simu ya Vodafone ya Uingereza walikuja Kenya na tatizo lililokwisha kuandikwa: kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa marejesho yao kwa simu. Serikali ya Uingereza ilichangia fedha, Vodafone ikachangia. Majaribio yakaanza Oktoba 2005 Nairobi na Thika, Safaricom ikishirikiana na taasisi ya mikopo ya Faulu. Mtambo ulifanya kazi. Kwa kipimo cha mhandisi, swali lilikuwa limejibiwa.

Wao wakaendelea kutazama. Wakakuta mtu anaweka pesa kwenye simu kabla ya kusafiri ili azitoe afikapo, asije akaibiwa njiani. Mfanyabiashara anaziweka jioni na kuzitoa asubuhi. Wengine wanawanunulia ndugu zao wa mashambani muda wa maongezi, au wanamlipia mwenzao mkopo kwa makubaliano yao wenyewe. Wakati huohuo Faulu ilihangaika kuoanisha mfumo huo na vitabu vyake, na vikundi vya wakopaji vikapoteza sababu ya kukutana. Uamuzi uliofuata haukuwa wa kiufundi hata kidogo. Ilibidi viongozi wakubali kwamba lile walilokuja kulitatua halikuwa haja kubwa ya watu waliokuwa mbele yao. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, marejesho ya mikopo hayakuwa tena ndiyo habari. Wananchi waliambiwa wanaweza kutuma pesa nyumbani.