Oili ya giaboksi kwenye tustroku kuukuu: ipime kabla hujafungua injini

Kwenye injini ya tustroku (ya mipigo miwili), oili ya giaboksi haina kazi yoyote ndani ya silinda. Kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), pistoni na beringi zake kwa kawaida hulainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli, iwe umeichanganya mwenyewe kwenye tanki au inasukumwa na pampu yake. Giaboksi na klachi zina chumba chao na oili yao, na oili hiyo haipaswi kupungua wala kuongezeka tangu siku unayoitia hadi siku unayoimwaga. Ikibadilika, kuna mlango umefunguka mahali. Kwa hiyo kifaa changu cha kwanza cha kutafutia ubovu ni chupa yenye alama za mililita. Spana zinafuata baadaye.

Endesha pikipiki dakika 10 hivi ili oili iwe nyepesi, isimamishe wima, toa boliti ya kumwagia na uiache itiririke dakika 15. Kisha jaza kiasi kamili kilichoandikwa na mtengenezaji. Injini nyingi zina namba hiyo kwenye kava, karibu na kifuniko cha kujazia. Usikisie, maana viwango vinapishana sana: skuta ya Vespa PX huchukua ml 250 tu, MZ ETZ 250 huchukua kama ml 900. Endesha km 200, mwaga kwa namna ileile, pima tena. Pungufu ya ml 20 au 30 ni oili iliyobaki imeganda kwenye kuta na meno ya gia, isikushughulishe. Zikikosekana ml 100 na chini ya injini ni pakavu, oili hiyo imepita kwenye silinda na kutokea kwenye ekzosi.

Imefikaje huko? Chumba cha kranki kwenye tustroku kinapumua. Pistoni ikipanda kinavuta, ikishuka kinasukuma, maelfu ya mara kwa dakika. Kinachokitenga na giaboksi ni sili moja ya mpira iliyokaa kwenye kranki upande wa klachi. Mdomo wa sili hiyo hukauka na kuwa mgumu kwa joto na umri, na pikipiki iliyolala miaka huiharibu kuliko inayotembea kila siku. Mdomo ukishindwa kubana kranki, oili inanyonywa. Mnyonyo huwa mkali zaidi unapoachia mkono wa mafuta huku gia ikiwa imeingia. Ndiyo maana dalili ninayoiamini ni hii: shuka mteremko mrefu umefunga mafuta, halafu fungua ghafla ukifika chini. Wingu zito jeupe likitoka wakati injini imeshapata moto, na plagi ukiitoa imelowa utelezi mweusi usionuka petroli, sili hiyo ni mshukiwa namba moja.

Moshi peke yake usikuhukumishe. Kila tustroku inatoa moshi, na ekzosi kuukuu ina akiba ya oili ndani inayoendelea kuungua makumi ya kilomita hata baada ya ubovu kutengenezwa. Pia kuna moshi wa asubuhi: pikipiki imekaa siku mbili tatu, ukipiga kiki inafukiza mtaa mzima, dakika chache baadaye imesafika. Kama oili ya giaboksi imebaki kiasi kilekile na tangi la oili ya tustroku ndilo limeshuka, tazama vali ndogo ya pampu inayozuia oili isirudi wala kujidondokea. Imeacha kufunga, oili inashuka yenyewe usiku. Watu wengi wamepasua injini kwa sababu ya kivali hicho.

Oili ikiongezeka, habari ni nyingine, na hapo pua inasaidia. Inanuka petroli na imekuwa nyepesi kama maji? Kabla ya kulaumu sili, angalia kabureta. Sindano ya boya isiyofunga, na koki ya tanki iliyoachwa wazi usiku kucha, hujaza petroli kwenye chumba cha kranki, nayo hujipenyeza hadi kwenye giaboksi. Tengeneza hiyo kwanza, badilisha oili, pima upya. Kama kabureta ni zima, basi ni sili ileile ikivujisha kwa upande wa kusukuma. Oili ikiongezeka bila harufu ya petroli lakini ina wekundu au ubuluu wa rangi ya oili ya tustroku, sili ya ekseli ya pampu imechoka, kwenye injini ambazo pampu inaendeshwa kutoka ndani ya kava ya klachi.

Baada ya chupa, kipimo kinachomaliza ubishi ni cha upepo. Toa kabureta na ekzosi, ziba matundu yote mawili kwa kipande cha tyubu kuukuu kilichobanwa na bati, plagi ibaki mahali pake, pistoni ishushwe hadi chini. Kupitia kizibo kimojawapo ingiza upepo psi 6 hivi, sawa na bar 0.4. Usiongeze zaidi, sili zinaweza kuchomoka. Pampu na geji ya kifaa cha mkono cha kupimia presha ya damu inafaa kabisa, kwa kuwa mwisho wa geji yake, mmHg 300, ni bar 0.4 hiyohiyo. Sindano ikishuka zaidi ya mmHg 50 kwa dakika, kuna mahali panavuja. Chovya mrija wa kupumulia wa giaboksi kwenye glasi ya maji: mapovu yakitoka, upepo unapita kutoka kwenye kranki kwenda kwenye giaboksi. Pasipo mapovu, paka maji ya sabuni kwenye kitako cha silinda, kiungo cha kabureta na sili ya kranki upande wa sumaku ya umeme wa injini. Hiyo ya sumaku haihusiani na oili ya giaboksi, lakini ikivuja injini inavuta hewa ya ziada, inachemka na hatimaye pistoni inakwama, kwa hiyo usiipite.

Mapovu kwenye glasi hayathibitishi sili moja kwa moja. Gasketi ya kati, pale nusu mbili za injini zinapokutana, hupitisha vilevile. Mwaga oili, fungua kava ya klachi, paka sabuni kwenye sili yenyewe ukiwa umeweka upepo. Hiki ndicho kitendo ambacho mafundi wengi wanakiruka, kisha sili mpya inafungwa na moshi uko palepale.

Kwenye baadhi ya injini sili hiyo inatolewa kwa nje ukishaondoa gia ya kranki. Nyingine ina ukingo ulioshikwa na mfereji wa injini, na haitoki mpaka injini ipasuliwe. Ukiing'oa kwa bisibisi bila kujua ni ya aina gani, utaharibu kiti chake. Kabla ya kufunga mpya, pitisha ukucha kwenye kranki pale mdomo wa sili ulipokuwa ukisugua. Ukucha ukinasa kwenye kijimfereji, sili mpya itavuja pia, isipokuwa ukiifunga ikae kando kidogo ya alama hiyo. Kisha shika mwisho wa kranki uutikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha, na sili mpya italiwa haraka. Zile za mpira wa Viton zinastahimili joto, na petroli iliyochanganywa na ethanoli, kuliko za kawaida. Paka oili kwenye mdomo wa sili kabla ya kuisukuma.

Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ina maji. Kwenye injini inayopozwa kwa maji ni sili ya pampu ya maji, nawe utaona rejeta ikipungua. Kwenye inayopozwa kwa upepo, maji huingia kwa mrija wa kupumulia, ama umevuka mto, ama pikipiki imeoshwa kwa bomba la presha, au safari zako ni fupi mno na mvuke haupati nafasi ya kutoka. Ukiwa na shaka, dondosha tone kwenye bati la moto. Likitatarika, ni maji.

Mrija huo huo ukiziba, presha ndani inaisukuma oili nje kupitia sili ya sproketi, ya kiki au ya pedeli ya gia. Zibua mrija kabla hujanunua sili tatu.

Mwisho, papasa boliti ya kumwagia kama ina sumaku. Uji laini wa kijivu ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu si kawaida: ni meno ya gia au beringi. Vumbi la dhahabu lisiloshikwa na sumaku ni bushi za shaba. Weusi wenye harufu ya kuungua ni klachi inayoteleza, na hapo uliza kwanza oili gani ilitiwa. Klachi inayoogelea kwenye oili inataka oili yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Ya MB ina ulaini wa ziada unaoweza kuifanya iteleze. Zenye alama ya JASO FC na FD ni za kuchanganya na petroli, hazina kazi kwenye giaboksi. Kitabu cha zamani kikisema SAE 80 ya gia (SAE ni kipimo cha uzito wa oili), usiogope namba: ngazi za oili ya gia si za oili ya injini, na 80 hiyo inakaribiana kwa uzito na SAE 20 hadi 30 ya injini. Ukiweka 90 au 140 kwa kudhani nzito ndiyo bora, klachi itanata, pikipiki itajivuta ukiwa umeishika, na nyutro itakuwa ya kutafutwa.